Maswali na Majibu: Kibodi ya Kifaransa, neno la siri la Kisukuma

Maswali yaliyonifikia safari hii karibu yote yana mzizi mmoja: laptopu za mtumba. Mashine zilizostaafishwa maofisini Ufaransa, Ujerumani na Uswidi zinafika Mwanza na kibodi za huko kwao. Baadhi ya wenye nazo, hasa wenye ThinkPad za zamani, wameondoa bayosi ya kiwandani na kuweka bayosi huru, yaani coreboot, mara nyingi kupitia mradi wa Libreboot, huku GRUB, programu inayoiamsha Linux, ikikaa ndani ya chipu ileile ya ubao. Kasheshe ya herufi inaanzia hapo, kwa sababu kuna programu inayokuuliza neno la siri kabla Linux haijaamka. Amri nitakazotaja ni za Debian na ndugu zake.

Shikamoo fundi. Nina ThinkPad X200 yenye kibodi ya Kifaransa. Diski yote nimeifunga kwa neno la siri nililoliweka siku ya kuingiza Linux. Nikiwasha, GRUB inalikataa. Lakini nikiitoa diski nikaichomeka kwa USB kwenye laptopu ya kaka yangu, neno hilohilo linafungua. Neno lenyewe ni la Kisukuma, lina ng' ndani yake. (Kijana wa Igoma)

Marahaba, mwanangu. Neno lako ni sahihi na GRUB nayo haijaharibika. Hamkubaliani tu kitufe kipi ni herufi gani.

Kibodi haijui herufi. Ukibonyeza kitufe, inatuma namba. Ni kama orodha ya abiria wa meli ya kwenda Nansio: kibodi inataja namba ya kiti, na jina la aliyeketi hapo linatafutwa kwenye karatasi nyingine. Kitufe cha kwanza kushoto katika safu ya juu ya herufi ni namba 16, hata kama mashine ilitengenezwa kuuzwa Marekani, Ufaransa au Ujerumani. Karatasi ya Kimarekani inasema 16 ni q. Ya Kifaransa inasema 16 ni a. Wino uliochapwa juu ya kitufe ni wa macho yako. Hakuna programu inayousoma.

Linux yako uliiambia tangu siku ya kwanza kwamba kibodi ni ya Kifaransa. GRUB iliyo kwenye chipu hukuiambia lolote, na aliyekuwekea bayosi inaelekea alichukua ROM (faili la bayosi linaloandikwa kwenye chipu) yenye usqwerty, yaani mpangilio wa Kimarekani, kwenye jina la faili, kwa kuwa ndiyo watu wengi huichukua. Kwa hiyo wewe unaandika a, yenyewe inapokea q, na kwa kuwa swali la neno la siri halionyeshi herufi, hujui kinachoendelea. Ukitaka kuona kwa macho, kwenye menyu ya GRUB bonyeza c. Utapata mstari wa amri. Andika chochote utazame kinachotokea.

Ili uingie leo, bonyeza kwa mahali, usifuate kilichochapwa. Tuseme neno ni ng'wanza (natumaini silo, na tangu sasa lisiwe la mtu yeyote). Kwa kusoma maandishi ya kibodi yako, utabonyeza N, G, kisha kitufe chenye ù, halafu Z, Q, N, W, Q. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile. Ile alama ya ng' kwa Mfaransa iko kwenye kitufe cha 4, lakini kwa Mmarekani iko kitufe cha pili kulia kwa L, palipochapwa ù. Kama neno lina m, bonyeza kitufe cha koma. Kama lina tarakimu, zibonyeze bila Shift, ingawa kwa Kifaransa umezoea kushika Shift.

Ukishaingia, ongeza neno la pili bila kufuta la kwanza. Diski zilizofungwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski, zina nafasi kadhaa za funguo: 8 kwa LUKS1 na hadi 32 kwa LUKS2. Angalia kwanza kwa `lsblk` diski yako inaitwaje, kisha:

`sudo cryptsetup luksAddKey --pbkdf pbkdf2 /dev/sda2`

Kipande cha `--pbkdf pbkdf2` nimekiweka makusudi. LUKS2 kwa kawaida hugeuza neno la siri kuwa ufunguo kwa njia ya Argon2id, ambayo GRUB ya kawaida, hadi toleo la 2.12, haiiwezi. Libreboot wameiongezea GRUB yao uwezo huo, lakini sijui uliwekewa toleo gani, basi tutembee njia iliyo salama.

Neno jipya ulitunge kwa herufi zisizohama. Ukilinganisha kibodi za Marekani, Ufaransa na Ujerumani, zinazohama ni a, q, w, z, m na y. Kiswahili bila a ni mtihani, nakubali, lakini kinawezekana: kiboko, jongoo, kipepeo, pilipili, kijiko, ndege, tundu, kisu. Kitufe cha nafasi hakihami popote, hivyo unaweza kupanga maneno sita au saba yasiyohusiana na kuyatenganisha kwa nafasi. Usitumie haya yangu, yameshasomwa. Tarakimu ziache, kwa sababu ya yule Mfaransa na Shift yake. Ng' nayo, samahani kwa Wasukuma wote, inabaki nje.

Kuna shimo la pili mbele. Kama `/boot`, folda yenye mafaili ya kuiamshia Linux, nayo imo ndani ya diski iliyofungwa, utaulizwa neno mara mbili: kwanza na GRUB kwa karatasi yake, kisha na Linux inapoamka kwa karatasi yake. Ukiamua kuirudisha Linux kwenye mpangilio wa Kimarekani, endesha `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`, halafu usisahau `sudo update-initramfs -u`. Bila hiyo ya pili, eneo-kazi litabadilika lakini swali la mwanzo litaendelea kutumia mpangilio wa zamani, na utanirudia hapa ukiwa na hasira.

Mimi naitaka GRUB yenyewe ijue Kifaransa. Mpangilio unabadilishwaje ndani ya ROM, na je, ni lazima nipeleke mashine ikafunguliwe? (Mwanafunzi, Malimbe)

Ukiwa tayari unatumia coreboot, mara nyingi si lazima kufungua chochote. Nitakwambia hatua zote, lakini ya kwanza ndiyo watu wanairuka: jaribu kabla ya kuandika kwenye chipu.

Mpangilio wa GRUB ni faili dogo lenye mwisho wa .gkb, halifiki kilobaiti 3. Linatengenezwa hivi, ukiwa na `ckbcomp` kutoka kifurushi cha console-setup na `grub-mklayout` kutoka grub-common:

`ckbcomp fr > fr.txt`
`grub-mklayout -i fr.txt -o fr.gkb`

Utaona malalamiko kadhaa kuhusu vitufe ambavyo GRUB haivielewi. Yapuuze, nitaeleza chini kidogo kwa nini. Faili la `fr.txt` lifungue ulione: kila mstari una namba ya kitufe na herufi zake, ya kawaida, ya Shift, na za AltGr. Hapo ndipo unapoweza kujitungia mpangilio wako mwenyewe, kwani ni maandishi matupu.

Sasa nakili `fr.gkb` kwenye flashi, ichomeke, washa mashine, na kwenye menyu ya GRUB bonyeza c. Andika `ls` uone majina ya diski. Flashi mara nyingi itaitwa usb0. Kisha:

`keymap (usb0,msdos1)/fr.gkb`

Kuanzia hapo, mpaka utakapozima, GRUB inasoma kibodi kwa Kifaransa. Andika alfabeti nzima, tarakimu, mabano, mkwaju. Kuipata hiyo amri kwa mpangilio wa Kimarekani kwenye kibodi ya Kifaransa ni adha kidogo: m ya neno keymap iko kwenye koma, a iko kwenye Q, na mabano yako kwenye Shift pamoja na vitufe vya 9 na 0. Vumilia mara moja. Ukikuta kosa, zima na uanze upya, chipu haijaguswa.

Ukiridhika, soma ROM iliyomo kwenye mashine yako. Usipakue mpya. Kwa X230 na T430 hili ni muhimu zaidi, maana ROM zinazotolewa na Libreboot kwa mashine hizo zimeondolewa vipande vya mtengenezaji ambavyo lazima uvirudishe kabla ya kuandika. Ile iliyomo ndani ya mashine yako tayari inavyo, pamoja na anwani yako ya kadi ya mtandao. Washa Linux kwa kuongeza `iomem=relaxed` kwenye mstari wa kerneli, halafu:

`sudo flashprog -p internal -r zamani.rom`

Soma mara ya pili kwa jina jingine na ulinganishe kwa `sha256sum`. Zikitofautiana, simama hapo hapo. Zikilingana, weka nakala moja nje ya mashine hiyo, kwenye flashi au kwa rafiki. Kisha tazama kilichomo:

`cbfstool zamani.rom print`

Kwenye Libreboot utaona faili linaloitwa `keymap.gkb`. Kama halipo, toa `grub.cfg` kwa `cbfstool ... extract` usome mstari unaoanza na neno keymap, utakuonyesha linakotafutwa. Kama lipo, nakili ROM iwe `mpya.rom`, na fanya kazi kwenye nakala:

`cbfstool mpya.rom remove -n keymap.gkb`
`cbfstool mpya.rom add -n keymap.gkb -f fr.gkb -t raw`

Chapisha orodha tena uhakikishe limeingia, halafu ndipo uandike:

`sudo flashprog -p internal -w mpya.rom`

Betri iwe imejaa na iwe imo ndani ya mashine. Umeme wa ukutani usiutegemee, haijalishi unaishi Capri Point au Buhongwa. Programu ikimaliza inathibitisha yenyewe ilichoandika. Ikikwambia haikufaulu, usizime, andika tena `zamani.rom` papo hapo.

Mashine ikishakataa kuwaka kabisa ndipo inafunguliwa, inabanwa kibanio cha chipu na kuandikwa kutoka nje, kwa Raspberry Pi Pico kwa mfano. Chipu hizi ni za volti 3.3. Kile kiprograma cheusi cha CH341A kinachouzwa rahisi kina toleo maarufu linalopeleka volti 5 kwenye nyaya za data, kwa hiyo muulize fundi anatumia nini kabla hajagusa ubao wako. Fundi mzuri hatakasirika.

Maoni yangu, kwa kuwa umeniandikia: kama sababu yako ni kwamba herufi zilizochapwa hazilingani na unachoandika, nunua kibodi ya Kimarekani ya X200 uibadilishe, maana hutoka kwa skrubu chache za upande wa chini. Kuandika mpangilio kwenye ROM kunamfaa mtu ambaye vidole vyake vimezoea Kifaransa kweli. Wengi wetu hapa tulijifunza kwenye QWERTY za intaneti kafe, na tutabaki nazo.

Upo mpangilio wa Kiswahili? (Msomaji, Musoma)

Kwenye orodha ya mipangilio ya Linux upo wa Tanzania, alama yake tz, na wa Kenya, alama yake ke. Kwa kazi ya GRUB sioni faida yake. Kiswahili hakina herufi yenye kialama juu, kwa hiyo mpangilio wa us unatosha kuandika kila neno, ng'ombe akiwemo.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Neno langu la siri lina é na ê. Nikiweka fr.gkb litakubalika? (Bukoba)

Hapana, mwalimu, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ile ya malalamiko ya `grub-mklayout`. Ili upate ê, Mfaransa anabonyeza kwanza kofia, kisha e. Kitufe cha kofia kinaitwa kitufe bubu: peke yake hakitoi kitu, kinasubiri mwenzake. GRUB haina utaratibu huo wa kusubiri. Kitufe bubu kwake ni kitufe kisichokuwepo.

Ya pili ni nzito zaidi. Herufi é ina kitufe chake, ni kile cha 2, na GRUB inaweza kuisoma kwenye mstari wa amri. Lakini sehemu inayopokea neno la siri inakubali alama za ASCII tu, yaani zile za kibodi ya Kimarekani, kuanzia nafasi hadi kiwimbi (~). Ukiandika é inairuka kimyakimya na kuendelea, bila onyo. Neno lako la herufi kumi linafika likiwa na nane, na diski inakataa. Hakuna faili la mpangilio litakaloliponya hilo. Ongeza neno la pili lisilo na vialama, kwa amri niliyompa kijana wa Igoma, na lile la Kifaransa liendelee kufungua diski ukiwa ndani ya Linux.

T400 yangu ya Kijerumani kitufe cha A kimekufa. Usiku wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata mwanga wa skrini, nadhani waliingia chini ya vitufe. Ndani ya Linux nachomeka kibodi ya USB, lakini kwenye GRUB kibodi hiyo haisikii. Kuna namna? (Nansio, Ukerewe)

Ipo, na hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote.

Kibodi za Ulaya zina kitufe kimoja ambacho za Kimarekani hazina: kile kilicho kati ya Shift ya kushoto na herufi ya kwanza ya safu ya chini. Kwenye yako kimechapwa `<` na `>`. Namba yake ni 86, na kwa anayeandika Kiswahili kinakaa bure mwaka mzima. Kipe kazi ya A.

Tengeneza maandishi ya mpangilio wako kwa `ckbcomp de > de.txt`. Fungua faili, tafuta mstari unaoanza na `keycode 30`, ambao ndio wa a. Nakili kila kilicho baada ya alama ya sawasawa. Shuka hadi `keycode 86`, futa kilichopo baada ya alama ya sawasawa, bandika. Mstari wa 30 uache ulivyo, kitufe kikija kufufuka hakitadhuru. Halafu `grub-mklayout`, jaribu kwa flashi, na ukiridhika fuata njia ya mwanafunzi wa Malimbe. Kwenye jaribio la flashi kuna mtego: neno keymap lina a, na a huna. Kwa hiyo andika k, e, y, m kisha bonyeza Tab, GRUB itamalizia neno yenyewe. Kwa Mjerumani y na z zimebadilishana, kama ROM yako ni ya usqwerty utabonyeza palipochapwa Z. Kitufe cha mkwaju kwa Kimarekani kiko palipochapwa kistari, karibu na Shift ya kulia.

Ndani ya Linux usihangaike na USB tena. Andika faili `/etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb` lenye mistari miwili, wa pili ukianza na nafasi moja:

`evdev:atkbd:dmi:*`
` KEYBOARD_KEY_56=a`

Hiyo 56 ni 86 ileile kwa hesabu ya heksadesimali. Kisha `sudo systemd-hwdb update` na `sudo udevadm trigger`. Kuanzia hapo kitufe cha pembeni kinatoa a kila mahali, kwenye barua pepe hata kwenye dirisha la amri. Utakachopoteza ni `<`, `>` na ile `|` ya AltGr, na kama unaandika amri za Linux utaikumbuka `|` upesi. Kwa hiyo agiza kibodi nyingine ukipata nafasi ya kuvuka. Na ukiandika usiku, punguza mwanga wa skrini au funga dirisha, maana wale wadudu hawajui kama mashine ni huru au si huru.

Naweza kubadilishana Caps Lock na Ctrl kwenye faili la .gkb? Na ile Fn iliyokaa kona ya kushoto inaniudhi. (Nyegezi)

Caps Lock na Ctrl, hapana. Faili la mpangilio linahusu vitufe vinavyotoa herufi tu. Shift, Ctrl, Alt na Caps Lock vimefungwa ndani ya GRUB kwenyewe. Fanya hivyo ndani ya Linux.

Fn haifiki hata GRUB, inashughulikiwa na kidhibiti cha kibodi kwenye ubao. Kwa baadhi ya ThinkPad coreboot ina chaguo la kumwambia kidhibiti huyo abadilishe Fn na Ctrl: `sudo nvramtool -w fn_ctrl_swap=Enable`. Endesha kwanza `sudo nvramtool -a`. Jina hilo lisipokuwepo kwenye orodha, mashine yako haina au ROM yako ilijengwa bila jedwali la machaguo.

ROM yangu ni ya SeaBIOS, GRUB iko kwenye diski. Nimeweka mstari wa keymap kwenye 40_custom, haubadilishi kitu. (Kirumba)

Kwa mpangilio huo GRUB haisomi kibodi yenyewe. Inaiomba herufi SeaBIOS, yaani bayosi iliyomo kwenye ROM yako, na SeaBIOS ina karatasi moja tu, ya Kimarekani. Amri ya keymap inafanya kazi pale tu GRUB inapoishika kibodi kwa mkono wake. Weka `GRUB_TERMINAL_INPUT=at_keyboard` kwenye `/etc/default/grub`. Tengeneza faili kwa `sudo grub-kbdcomp -o /boot/grub/layouts/de.gkb de`, na folda ya layouts uitengeneze kwanza kama haipo. Kwenye `40_custom` ziwe `insmod keylayouts` na `keymap /boot/grub/layouts/de.gkb`, kisha `sudo update-grub`.

Tahadhari mbili. Kwa at_keyboard, kibodi ya USB haitasikika kwenye menyu, hivyo kama ya ndani ni mbovu utajifungia nje. Na kama `/boot` imefungwa kwa LUKS, neno la siri linaulizwa kabla faili la mipangilio halijasomwa, kwa hiyo swali hilo litabaki la Kimarekani chochote utakachoandika. Hapo rudi kwa jongoo na kipepeo.

Nikiweka mpangilio wa ajabu, tuseme Dvorak, mwizi si atashindwa kubahatisha neno langu? (Sengerema)

Atakayekaa mbele ya mashine atachelewa dakika chache. Atakayeitoa diski akaipeleka kwenye mashine nyingine hata hatajua kulikuwa na Dvorak. Urefu wa neno ndio unaomchosha.

Tuna X200 kadhaa kwenye stationari yetu. Nikitengeneza ROM moja yenye mpangilio sahihi, si naiandika kwenye zote? (Buzuruga)

Faili la .gkb, ndiyo, lisambaze kwenye zote. ROM nzima, hapana. Kwanza X200 zina chipu za ukubwa tofauti, nyingine megabaiti 4, nyingine 8. Pili, ndani ya ROM ya X200 kuna eneo lenye anwani ya kadi ya mtandao. Ukinakili ROM moja kwenye mashine zote, zote zinakuwa na anwani moja, na mkiziunganisha kwa waya kwenye swichi ile ile mtandao utakuwa unakatika na kurudi bila mpango, mtamlaumu anayewauzia intaneti bure.

Soma ROM ya kila mashine, ingiza .gkb ileile kwa amri mbili za cbfstool, iandike kwenye mashine ileile iliyotoka. Kila faili lipe jina la kibandiko kilicho chini ya mashine yake ili zisichanganyikane. Kama mlishanakili na anwani zimeshafanana, Libreboot wana programu ya nvmutil ya kuzibadilisha, na anwani halisi ya kila mashine mara nyingi bado imeandikwa kwenye kibandiko hicho hicho.